Mfungo Sita umeandama

Assalamu alaykum ndugu, jamaa na majirani. Mwezi wa Mfungo Sita, yaani Rabiul Awwal, umeandama, vijana wanakaza ngozi za matari, udi tayari unanukia. Maulidi njema kwenu nyote.

Kila tukifika kiyamu, tukasimama kumswalia Mtume, hunijia kwamba, kwa mapokezi ya wengi wetu, mwezi aliozaliwa ndio huo huo aliofariki, mwaka wa 11 Hijria, yaani 632. Maiti ilikuwa bado chumbani kwa Bi Aisha, Ali, binamu na mkwewe, na jamaa zake wakishughulikia maziko, na huku kwenye banda la Banu Saida Ansari, Waislamu wenyeji wa Madina, wameshamzunguka mkuu wao Saad bin Ubada, shauri likiwa nani ataongoza baada ya Mtume. Wakaingia Abubakar, Umar na Abu Ubaida. Kikao hakikuvunjika ila Abubakar ameshapewa baia, yaani ahadi ya utii, awe khalifa. Ali, kwa mapokezi mashuhuri, alitoa yake baada ya Bi Fatuma kufariki, miezi sita mbele.

Shia huanzia nyuma zaidi: Ghadir Khum, baina ya Makka na Madina, 18 Mfungo Tatu (Dhulhija), Mtume alipomnyanyua Ali mkono: "Ambaye mimi ni mawla wake, basi Ali ni mawla wake." Sunni nao wanaipokea hadithi hiyo. Ugomvi ni hilo neno: mawla ni mtawala, au ni kipenzi na msaidizi? Nasi Waswahili tumelirithi, tukapata Mola na maulana, na wala hatukutoa jibu.

Ibadhi, ambao si Sunni wala Shia, mkasa wao ni wa vita vya Siffin baina ya Ali na Muawiya, 657: asili yao ni kwa waliokataa suluhu ya waamuzi. Ndiyo madhehebu ya masultani wa Unguja, waliotawala raia wengi Washafii, yaani Sunni, na kuweka makadhi wa pande zote mbili.

Msimu huu simu hujaa sauti za kurekodiwa, huyu akimkufurisha yule kwa kikao ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekihudhuria. Mimi nazifuta kabla ya kusikiliza.

Kwetu Maulidi ni tarehe 12. Jirani yetu, Shia Ithnaasheri, husherehekea tarehe 17. Kwa hiyo sahani ya biriani huenda, na kwa kuwa sahani hairudi tupu, siku tano baadaye hurudi na halua. Ila ya mwaka jana, ile ya kaure yenye maua ya buluu, haijarudi mpaka leo. Jirani, mama anakusalimu sana, na anaiulizia.