Bembea na kaunta ya bia visikae uwanja mmoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua. Mimi ni mpambaji wa sherehe, mkazi wa Tabata. Kazi yangu kubwa ni bethidei za watoto: maputo, mapazia, meza ya keki, viti vidogo. Karibu kila Jumamosi na Jumapili niko kwenye bustani mojawapo ya hapa Dar es Salaam, leo Mbezi, kesho Kigamboni. Nafika asubuhi kabla ya wageni, naondoka keki ikishakatwa na uwanja umefagiwa. Ninayoyaandika hapa nimeyaona mwenyewe.

Bustani hizi zimekuwa nyingi, na kwa hilo nafurahi. Mitaani kwetu watoto hawana pa kuchezea. Kile kiwanja tulichochezea rede na kombolela sisi, leo kina fremu za maduka. Mtoto akitaka bembea, mzazi inabidi alipe kiingilio. Ndani kuna mteremko, yale majumba ya upepo ya kurukia, na kwa wenye uwezo kuna bwawa la kuogelea. Na katikati ya hayo yote, hatua chache tu kutoka majini, kuna kaunta ya bia.

Mwaka jana, siku ya mechi ya Simba na Yanga, nilikuwa kwenye bustani moja upande wa Kinondoni, sitaitaja. Mwenye sherehe alikuwa anatimiza miaka 6. Wazazi walikaa kwenye meza zinazotazama runinga, bia mezani. Hapakuwa na mlevi hata mmoja pale. Ni watu wazima wenye kazi zao na heshima zao. Mimi nilikuwa nafunga maputo kwenye nguzo karibu na bwawa la watoto, ambako mtoto wa kiume wa miaka kama 4 alikuwa anacheza kwenye ngazi za kuingilia majini, amevaa maboya ya mikononi, yale ya rangi ya machungwa. Boya la mkono wa kushoto likachomoka. Akashuka ngazi moja, akashuka ya pili, kisha sikumwona tena, nikaona boya tu linaelea. Hakupiga kelele wala hakurusha mikono. Nilikuwa bado nashangaa na uzi wa puto mkononi wakati mhudumu mmoja, binti mdogo tu, alipoliachia sinia lake lenye chupa nne na kujitosa majini na sare yake na viatu vyake.

Kishindo cha chupa ndicho kilichowageuza wazazi. Wa kwanza kufungua mdomo aliuliza nani atalipa zile bia. Mtoto akakohoa maji, akalia, akawa mzima, namshukuru Mungu. Baba yake alikuwa amekaa hatua nane kutoka pale. Nilizihesabu jioni nilipokuwa nakunja zulia.

Kila mjadala huu unapozuka nasikia watu wanabishana kama mtoto akimwona baba yake anakunywa bia ataharibika tabia. Hilo kila nyumba ina lake. Mume wangu mwenyewe anakunywa, na watoto wetu watatu wanamwona. Ninacholilia mimi ni ulinzi. Ukimleta mtoto mahali penye maji, bembea za chuma na watoto wengine hamsini, wewe umekuja kazini. Kazi yako ni kutazama. Mtoto anayezama hafanyi kelele kama wanavyodhani wengi, anakwenda kimya na kwa dakika chache, hata kwenye maji ya kumfika kifuani. Bia mbili hazikuangushi chini, lakini zinakufanya useme "ngoja kidogo" pale ambapo ungeinuka. Zinakufanya umwamini mtoto wa miaka 9 amwangalie mdogo wake. Anayekuuzia bia saa hiyo anamwondolea mtoto macho yaliyokuja kumlinda. Na sijagusa safari ya kurudi nyumbani, ambako mtu huyo huyo ndiye anayeshika usukani na watoto wamelala kiti cha nyuma.

Najua wenye bustani wana hesabu zao. Mzee mmoja ninayefanya naye kazi miaka mingi aliniambia waziwazi: "Mwanangu, kiingilio cha mtoto hakilipi hata umeme wa feni za majumba ya upepo. Kinacholipa ni friji lile pale." Namheshimu kwa kunieleza ukweli, na sitaki biashara yake ife, kwa kuwa na yangu imo humo. Lakini kama kiingilio hakitoshi, kipandishwe. Mzazi anayenilipa mimi kwa maputo yatakayopasuliwa kabla ya magharibi hawezi kushindwa kuongeza kidogo kwa ajili ya usalama wa mwanawe. Chipsi kuku, mishikaki, juisi ya miwa, madafu, vyote hivyo vinauzika. Na mtu mmoja wa kukaa kwenye bwawa siku nzima, anayejua kuogelea na asiye na kazi nyingine, ni bora kuliko bango la "Wazazi angalieni watoto wenu" lililobandikwa kwenye friji la bia.

Sheria tunayo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na imekataza kumuuzia pombe na kumpeleka baa. Sasa nauliza: mahali penye kaunta, kreti zimepangwa hadi dirishani, mwavuli wa kampuni ya bia kila meza na wahudumu wanazunguka na kifungulio mfukoni, pakiwekwa bembea mbili mbele yake ndiyo panaacha kuwa baa? Mimi naona ni baa iliyopakwa rangi za katuni. Watoto wanaingia mchana kwa mlango ule ule watakaoingilia walevi saa tatu usiku, na Jumapili asubuhi nimewahi kuokota vizibo na vipande vya chupa kwenye mchanga wa bembea kwa mikono yangu kabla sijaweka viti.

Tumeshaumizwa na kumbi za wakubwa kugeuzwa za watoto. Siku ya Idi el-Fitri, Oktoba 1, 2008, kule Tabora watoto karibu 20 walipoteza maisha kwenye disko toto, wamejazana kwenye ukumbi wa disko. Waliuawa na msongamano na kukosa hewa, pombe haikuhusika, sitaki kuchanganya mambo. Lakini ukumbi ule haukutengenezwa kwa ajili yao, na ndiyo maana mpaka leo sikukuu zikikaribia polisi huwa wanatangaza kupiga marufuku disko toto. Bustani yenye kaunta inatofautiana nini, zaidi ya kuwa na jua na nyasi?

Na pombe ya viroba je? Miaka na miaka tuliambiwa haiwezekani, viwanda vitafungwa, watu watakosa kazi. Machi 1, 2017 vikapigwa marufuku, na vile vipakiti vilivyokuwa vinauzwa hadi kwenye vibanda vya pipi vikaondoka madukani. Serikali ikitaka, inaweza.

Leseni za vileo zinatolewa na halmashauri zetu. Naziomba zote tano, Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni: anayejitangaza kuwa ana michezo ya watoto asipewe leseni ya kuuza pombe ndani ya uzio huo huo. Akitaka vyote viwili, ajenge ukuta na aweke milango miwili. Na wakati hilo linasubiriwa, bwawa la watoto likiwa wazi, kaunta ifungwe. Hili la mwisho halihitaji sheria mpya, afisa biashara anaweza kuliandika kama sharti la leseni. Viongozi wa serikali za mitaa nao wanazijua bustani hizi moja moja, wengine hualikwa humo.

Kwa upande wangu nimeshaanza. Mteja akinipigia, kabla ya kuuliza rangi za maputo nauliza kama pana bwawa na kama bia itauzwa. Nimepoteza kazi mbili kwa swali hilo. Ya tatu ni Jumamosi ijayo huko Kimara, mtoto anatimiza miaka 5. Mama yake alizungumza na mwenye bustani, wakakubaliana friji la bia lifungwe kwa kufuli mpaka saa 12 jioni, mtoto wa mwisho akishatoka getini. Kwa hilo ameongeza shilingi 60,000.

Mpambaji wa sherehe,
Tabata, Dar es Salaam