Tyubu ya gramu 15 haiwezi kutuliza soriasisi

Ndugu Mhariri,

Malalamiko ya wagonjwa wa soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba, juu ya daktari wa familia hufanana sana. Alitazama kiwiko, akaandika krimu, akasema "paka kidogo kidogo", basi. Wiki tatu baadaye magamba yako palepale. Mgonjwa anaona dawa haifai, daktari anaona mgonjwa hakupaka. Naomba nafasi niseme kwamba mara nyingi wote wawili wanalaumiana bure, kwa kuwa kosa lenyewe ni la hesabu.

Dawa ya kupaka hupimwa kwa ncha ya kidole. Minya tyubu utoe mstari mmoja kuanzia kikunjo cha pingili ya mwisho ya kidole cha shahada hadi kwenye ncha. Kwa kidole cha mtu mzima hiyo ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Sasa chukua mgonjwa mwenye mabaka viwikoni, magotini na kiunoni, jumla viganja vinane. Anahitaji ncha nne, yaani gramu 2, kila anapopaka. Akipaka mara moja tu kwa siku, tyubu ya gramu 15 inaisha siku ya nane, wakati wiki nne zinataka gramu 56. Aliyepewa tyubu moja na kuambiwa arudi mwezi ujao atafanyaje? Ataipaka nyembamba kama manukato, au atatibu viwiko na kuyaacha magoti. Kisha atarudi, na kwa kuwa hakuna aliyepiga hesabu, ataandikiwa dawa kali zaidi. Hayo maneno "kidogo kidogo" yaondoke kabisa kwenye cheti cha dawa. Paandikwe ncha ngapi, sehemu gani ya mwili, na siku ngapi.

Hofu ya steroidi, ile dawa ya kutuliza uvimbe iliyomo kwenye nyingi ya krimu hizo, ina msingi, na daktari asiipuuze. Ngozi huweza kuwa nyembamba na kuchora michirizi isiyofutika. Ndiyo maana usoni, kwapani na kwenye kinena hutumika steroidi hafifu kwa muda mfupi, na ile kali hubaki kwa viwiko, magoti na mgongo. Steroidi kali isizidi wiki 8 mfululizo mahali pamoja, na kali sana isizidi wiki 4; baada ya hapo ngozi ipumzishwe kama wiki 4. Kupumzika si kukaa bila dawa. Kipindi hicho kalsipotrioli, ambayo ni ya jamii ya vitamini D, huendelea kushikilia. Kwa mtu mzima njia nzuri ya kuanzia ni kuzitumia zote mbili kwa wiki 4, steroidi asubuhi na kalsipotrioli jioni. Kalsipotrioli isizidi gramu 100 kwa wiki, na isipakwe pamoja na dawa yenye asidi ya salisiliki, maana asidi hiyo huiua nguvu.

Mgonjwa aambiwe pia ni wakati gani wa kuacha, na hapa ngozi nyeusi inataka maelezo yake. Baka likipona huacha doa jeusi au jeupe linaloweza kudumu kwa miezi. Asiyejua huendelea kupaka steroidi juu ya doa ambalo si ugonjwa tena. Kipimo ni kidole: pitisha ncha yake juu ya baka ukiwa umefumba macho. Ukihisi ukingo ulioinuka au mkwaruzo, ugonjwa bado upo. Pakiwa bapa na laini sawa na ngozi ya jirani, steroidi imemaliza kazi, hata kama rangi haijarudi. Daktari akifanya hivyo mwenyewe, kwa mkono usio na glavu, anampa mgonjwa kitu kingine asichoweza kuandikiwa kwenye cheti, kwa sababu watu wengi wenye soriasisi wamezoea kuona mikono ikirudishwa nyuma. Ugonjwa huu hauambukizi. Ni kinga ya mwili inayoharakisha seli za ngozi, ambazo hukomaa kwa siku chache badala ya karibu mwezi mzima.

Rangi hiyohiyo hupotosha utambuzi tangu mwanzo. Daktari aliyefunzwa kutafuta wekundu haoni kitu kwenye ngozi nyeusi, ambako baka huwa la zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu. Basi huandika fangasi, au pumu ya ngozi, jina linalobandikwa kila ngozi inayowasha. Fangasi wa mwilini kwa kawaida huchora pete iliyo safi katikati, lakini baka la soriasisi ni nene lote na mpaka wake uko wazi. Penye shaka, magamba yakwanguliwe yakaangaliwe kwa hadubini kabla ya kuandika steroidi, kwani steroidi juu ya fangasi huificha sura yake huku ikimwacha aenee. Na mgonjwa avue nguo. Kichwani, nyuma ya masikio, kitovuni, kati ya matako na kwenye kucha ndiko kulikojificha ushahidi.

Dawa ya kichwa isimiminwe juu ya magamba, maana haitafika kwenye ngozi. Paka mafuta usiku, lainisha, chana taratibu, osha, ndipo utenganishe nywele na kuweka dawa kwenye ngozi yenyewe. Mafuta ya kulainisha mwili nayo huhitajika kwa wingi, gramu 250 hadi 500 kwa wiki kama ugonjwa umeenea. Yapakwe kufuata uelekeo wa vinyweleo, na yapewe nusu saa kabla ya kupaka dawa. Nguo na mashuka yaliyolowa mafuta hayo yakae mbali na moto, kwa sababu hushika haraka.

Kuna tiba moja inayofurahisha kwa wiki moja na kuumiza baadaye: vidonge vya prednisoloni, yaani steroidi ya kumeza. Ngozi husafika haraka, kisha vinapokatwa soriasisi inaweza kurudi kwa ghadhabu, ikajaa usaha au ikaenea mwili mzima. Mwili mzima ukiiva na kubanduka huku mgonjwa akitetemeka kwa baridi, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Soriasisi iliyochachamaa ghafla pia inataka maswali. Je, kuna kidonda cha koo cha karibuni? Anatumia dawa kama lithiamu, propranololi au klorokwini? Kipimo cha VVU kimefanyika?

Kinachosahaulika kuliko vyote ni viungo, ambavyo soriasisi huweza kuvishambulia pia. Maswali ni matano, na yaulizwe angalau kila mwaka: umewahi kuvimba kiungo? Umewahi kuambiwa na daktari kuwa una ugonjwa wa viungo? Kucha zako zina vishimo? Kisigino kimewahi kuuma? Kidole kimewahi kuvimba chote na kuuma bila sababu? Ndiyo tatu au zaidi ni rufaa kwa bingwa wa viungo, kwa sababu mfupa ulioliwa haurudi. Kumpa dawa ya maumivu na kusema ni baridi yabisi ya kawaida ni kumpotezea miezi ambayo hana.

Akifika kwa bingwa na kuanzishiwa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, daktari wa familia bado ana kazi. Dawa hiyo humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kumeua watu. Siku yenyewe iandikwe kwa jina juu ya pakiti. Asidi ya foliki inywewe siku nyingine, damu na ini vipimwe kwa ratiba, mimba ikingwe, na kotrimoksazoli, dawa ya bakteria isiyopatana nayo, isiandikwe kabisa, hata kwa mkojo unaochoma.

Mgonjwa naye aende na tyubu zake tupu pamoja na picha za siku mbaya zaidi. Tyubu ndizo zitakazoonyesha ni gramu ngapi zilizofika kwenye ngozi. Miadi ya kurudi iwe wiki 4 kwa mtu mzima na wiki 2 kwa mtoto, na tarehe yake iandikwe kabla hajanyanyuka kitini.

Wasalaam,
Msomaji wako