Anayeondoka shuleni aagwe mbele ya wanafunzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo lililonikaa moyoni tangu Jumamosi ya mahafali ya kidato cha nne, mwishoni mwa Septemba, katika shule kongwe ya bweni huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Nilisoma hapo. Sasa mwanangu yuko hapo hapo, anajiandaa na mtihani wa taifa wa Novemba. Jina la shule naliacha, maana sikusudii kumchongea mtu. Nataka jambo lirekebishwe.

Nilipanda basi Uyole alfajiri nikiwa na kilo tano za mchele wa Kyela kwenye mkoba. Haukuwa wa mwanangu. Ulikuwa wa mpishi wa shule, mzee ambaye sisi tulimwita Kaka na wanafunzi wa sasa wanamwita Babu.

Niliingia kidato cha kwanza Januari 1989 nikitokea Kyela, kwenye joto la ziwani. Ilipofika Mei, baridi ikanishika kweli kweli. Nilikuwa na blanketi moja jepesi, na asubuhi baada ya mchakamchaka vidole havikuweza kushika kalamu. Mpishi huyo aliniona nimejikunyata nje ya bwalo, akaniita nyuma ya jiko, akanipa kigoda kando ya moto wa magogo. "Kamwene," akanisalimu kwa lugha ya huko, akasubiri mpaka nikaitikia "Kamwene" kwa ulimi wangu wa Kinyakyusa. Nilikaa pale kila alfajiri kwa wiki nzima. Siku ya nane matroni akaniletea blanketi la pili. Nilikuja kujua baadaye kwamba aliyekwenda kumwambia ni yeye yule mpishi.

Mahafali yalikuwa mazuri, sitayanyima sifa. Skauti walimpokea mgeni rasmi, vijana wakacheza ngoma, wahitimu wakasoma risala yao: walimu wa sayansi hawatoshi, bwalo limechakaa, maji yanakatika. Wakamshukuru mgeni rasmi, mkuu wa shule, bodi, walimu na wazazi. Tulipokwenda kuchukua pilau nikachungulia dirisha la jiko. Sikumwona. Nikamuuliza kijana aliyekuwa akigawa sahani, "Babu yuko wapi?" Akanijibu, "Babu yupi, shikamoo baba?"

Mwanangu ndiye aliyenieleza. "Baba, mwezi wa saba tulipofungua shule, siku moja tu tuliona uji umebadilika ladha. Tukaulizana, tukaambiwa ameondoka."

Watoto wa bweni, zaidi ya mia tano, wameletewa habari ya kuondoka kwa mtu aliyewalisha na ladha ya uji!

Nilimfuata makamu mkuu wa shule, naye alinieleza vizuri, bila kuficha. Mzee alistaafu rasmi alipotimiza miaka 60, kama ilivyo kwa watumishi wa umma, kisha bodi ikamwomba aendelee kwa mkataba wa mwaka mwaka. Mwaka huu jiko limeacha kuni na kuhamia gesi, kufuatana na agizo la Serikali kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100. Watu wa jikoni wakapunguzwa, mkataba wake ukaishia Juni 30, wanafunzi wakiwa likizo. Gesi naiunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu macho ya mzee yule yaliharibiwa na moshi wa miaka. Hata kumpumzisha sioni kosa. Lakini nilipouliza aliagwaje, nikaambiwa alisaini kwenye ofisi ya mhasibu, akakabidhi funguo za stoo.

Mkuu wa shule aliyehama miaka miwili iliyopita aliagwa kwa sherehe. Wazazi tulichanga, akapewa mbuzi, mkewe akavishwa kitenge, vijana wakaimba. Alistahili, na nilichanga kwa furaha. Nashindwa tu kuelewa kwa nini heshima hiyo iishie kwenye ofisi ya mkuu.

Hata walimu wa kawaida hawaipati. Agosti mwalimu wa hesabu wa kidato cha nne alipata uhamisho. Uhamisho ni sehemu ya kazi, najua. Lakini vijana walijua baada ya vipindi vyake kukaa vitupu siku tatu, kiranja akaenda kuuliza ofisi ya walimu. Mwingine alikuja, na anafundisha vizuri. Siku tatu zile, hata hivyo, mwanangu ananiambia kuna wenzake walioamini mwalimu amewakasirikia kwa kufeli mtihani wa nusu muhula. Dakika tano za mstarini zingewaondolea mzigo huo.

Mhariri, katika shule ya kutwa mwalimu akiondoka, mtoto anarudi jioni kwa mama yake. Bweni halina jioni ya namna hiyo. Kwa miezi mitano mfululizo, mpishi, matroni, mlinzi wa getini na mwalimu wa zamu ndio nyumba ya mtoto. Mtu wa nyumbani haondoki kimya kimya. Akiondoka kimya, mtoto anajifunza kwamba watu hutumika, kisha hawatajwi tena.

Na sisi watu wa nyanda hizi tulikuwa na mfano mzuri. Shule ya Malangali, Mufindi, ilipoanzishwa mwaka 1928 chini ya Mumford, ofisa elimu Mwingereza, wazee wa huko waliletwa shuleni kuwafundisha wavulana mila na ngoma. Ulikuwa wakati wa mkoloni, na mengi ya mpango ule yana mjadala wake. Ila hili moja nalikubali: mzee asiye na cheti alihesabiwa kuwa ana la kuwapa vijana, akasimama mbele yao.

Ninachoomba si kikubwa. Kalenda ya shule ina mitihani ya nusu muhula, michezo ya sekondari ya UMISSETA, kikao cha wazazi, mahafali, siku ya kufunga. Iwekwe pia siku ya kuaga, kila muhula, wiki ya mwisho kabla ya likizo, mstarini, mbele ya wanafunzi wote. Anayeondoka atajwe kazi yake na miaka yake, apewe nafasi ya kuongea, aandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu za shule. Anayehama ghafla katikati ya muhula aagwe asubuhi ile ile. Kama ni zawadi, sisi tuliosoma hapo tuna kundi letu la simu. Mwaka jana tulichanga rangi ya ukumbi, blanketi la mzee halitatushinda.

Mchele wangu ulifika. Nilielekezwa nyumbani kwake, nikamkuta akipukuchua mahindi kwenye jua la jioni. Hakunitambua mpaka nilipotaja blanketi. Hakulalamika hata neno moja. Aliniuliza kidato cha nne wanaanza mtihani lini, kisha akataka kujua kama wale wapya wa jikoni wameambiwa kwamba asubuhi za mtihani uji hutoka saa kumi na mbili kamili, na usiwe wa moto sana, vijana wasije wakauacha kwa kuharakisha. Sikuwa na jibu. Nikampigia mwalimu wa taaluma nikiwa bado nimekaa kwenye kigoda chake, naye akasema hapana, hilo hakuna aliyewaambia, akashukuru.

Shule inafunga mwanzoni mwa Desemba. Mzee anakaa mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka getini, na ameniambia siku hiyo hana safari.

Mzazi na mwanafunzi wa zamani,
Uyole, Mbeya