Binamu, nani kakuambia ucheke?

Binamu yangu,

Salamu baadaye, kwanza tumalize ugomvi. Juzi ulinipokonya rimoti filamu ikiwa dakika ya kumi, ukasema umekuja kutazama, hukuja kusoma maandishi ya chini. Ukaongeza, tena mbele za watu, kwamba tangu nianze picha za Wakorea nimeingiwa na maringo. Sikujibu kwa sababu rimoti ulikuwa nayo wewe.

Uliyoizima ni Parasite ya mwongozaji wa Korea Kusini, Bong Joon-ho. Ni filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kuchukua Oscar ya filamu bora, mwaka 2020, ila tuzo tuiache. Mimi naipendea ile nusu ya kwanza: familia ya makabwela inajipenyeza katika jumba la tajiri, mmoja baada ya mwingine: kaka, dada, baba, mwisho mama, nawe unacheka na kuwashangilia waongo wale kana kwamba ni ndugu zako. Halafu usiku, mvua inanyesha, kengele ya mlango inalia. Kuanzia hapo hujui tena kama bado unaruhusiwa kucheka. Hakuna anayekuambia.

Hapo ndipo tunapoachana, binamu. Kile kipindi chako cha kila jioni, mtu akiingia mlangoni na kusema "habari zenu" tu, watu wasioonekana wanaangua kicheko. Unajua vicheko vya namna hiyo vilianzia wapi? Miaka ya 1950 fundi sauti mmoja wa Marekani, Charles Douglass, alitengeneza mashine yenye vicheko vilivyorekodiwa. Ukibonyeza hapa, kicheko cha chinichini. Ukibonyeza pale, ukumbi mzima unavunjika mbavu. Mzaha ukilala, fundi anauamsha kwa kidole.

Sisemi kila kicheko cha kwenye televisheni ni cha bandia. I Love Lucy, kipindi cha vichekesho cha Marekani kilichoanza 1951, kilirekodiwa mbele ya watazamaji waliokaa vitini. Nyota wake, Lucille Ball, anaposhindwa kuzifunga chokoleti zinazopita mbele yake, akaanza kuzisokomeza mdomoni, kofiani na ndani ya gauni, wanaocheka ni watu waliokuwepo. Mimi hucheka nao bila kinyongo.

Lakini anayenimaliza ni Buster Keaton, mchekeshaji wa enzi za filamu zisizo na sauti. Katika Steamboat Bill, Jr. ya 1928, ukuta mzima wa mbele wa nyumba unamwangukia, naye anapona kwa kuwa amesimama mahali dirisha linapoangukia. Ukuta ulikuwa wa kweli. Angekosea hatua moja, tusingekuwa na cha kuzungumza. Jamaa hata hapepesi! Uso wake haucheki wala haulii, anatazama tu kama mtu anayesubiri gari. Nilirudisha nyuma mara nne. (Chaplin namheshimu kuliko ninavyompenda, kila nikitaka kucheka naona ananinyooshea leso nilie.)

Kwa Jackie Chan najua tutapatana. Sote tulikua tukijua stelingi hafi, ila stelingi wa Jackie huumia, hukunja uso, hupuliza vidole, na hiyo ndiyo inayonichekesha. Ile Police Story ya 1985, anaporuka na kuteleza kwenye nguzo iliyozungushiwa taa, mikono iliungua kwelikweli. Mwisho wa picha anakuonyesha alivyoanguka na kukosea. Tena hafichi kwamba Keaton ni mwalimu wake. Kwa hiyo binamu, mwanafunzi unampenda miaka yote hii, mwalimu unamwita picha za mababu.

Ulinishauri nitafute Parasite iliyoingizwa sauti za lugha nyingine. Nimejaribu. Mdomo unamaliza, sauti bado inasema. Na yule baba, Song Kang-ho, nusu ya uchekeshaji wake imo katika sauti yake, ile ya mtu anayejitia utulivu huku mambo yanamwendea kombo. Ukiitoa, umebaki na mwanamume anayefungua mdomo. Maandishi ya chini utayachukia dakika ishirini, kisha utasahau kama yapo.

Jambo moja nakukubalia: baadhi ya ninavyovisifia ni virefu. Seven Samurai ya Mjapani Kurosawa ina dakika 207, na mara ya kwanza nililala. Uliniona, ukanyamaza. Asante. Mara ya pili niliigawa mafungu mawili, ikanipata. Kwa vichekesho vya televisheni, lakini, urefu siusamehi. Fawlty Towers ina sehemu 12 tu, Mr. Bean 15, na hadi leo zinatazamwa. The Office ya Waingereza ilikwisha kwa sehemu 14. Ya Wamarekani ikafika 201. Nimezitazama zote mbili, na ile ndefu ilipofika misimu ya mwisho nilikuwa nikiitazama kwa adabu tu. Kichekesho nacho ni mgeni: siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Jumamosi njoo. Tutaanza na Police Story roho yako ifurahi, kisha utanipa saa moja ya Parasite, mpaka kengele ya mlango ilie. Ikilia, ukitaka kuzima, zima. Ila rimoti utaniomba mimi.

Binamu yako mwenye maringo