Risiti za uwanjani kuanzia mechi ijayo

Habari zenu wanakikundi. Kuanzia mechi ijayo, ukilipia tiketi au kinywaji uwanjani, risiti itakuja kwa SMS. Karatasi tunaiaga, na mimi sitaililia: zile risiti huchapwa kwa joto, si kwa wino, ndiyo maana ukiziacha juani zinafifia hadi husomi kitu. Baadhi zina bisfenoli A, kemikali ambayo Umoja wa Ulaya uliiwekea kikomo kwenye karatasi hizo mwaka 2020.

Hakikisheni namba mnayotaja dirishani ni sahihi. Asiye na simu, au aliyeishiwa chaji, aombe ya karatasi. Asikubali kuambiwa hakuna. Mhazini, tafadhali zipige picha risiti za zamani kabla hazijafutika.