Barua kwa Mwalimu: Nakuru hadi Kisumu kwa Njia za Vumbi

Njoro, Nakuru
Mwezi wa Januari

Mpendwa rafiki yangu Mwalimu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Njoro, ambako sote tu wazima, ingawa baridi ya asubuhi bado inatung'ang'ania. Barua yako nimeisoma kwa makini, hasa pale unapoeleza kwamba tangu lori likusukume hadi mtaroni kwenye barabara ya Ahero, umeitundika baiskeli ukutani na huna haja tena ya kuishusha. Sikulaumu hata kidogo. Hata hivyo naona ni malori yaliyokuchosha, na baiskeli yenyewe haijakukosea lolote. Ndiyo maana nakuandikia kwa kirefu, nikushawishi tufanye safari moja kutoka hapa Nakuru hadi kwako Kisumu, zaidi ya kilomita 200, kwa njia za murram, yaani za changarawe zisizo na lami, na za mashamba, tukiikwepa barabara kuu kila inapowezekana.

Dira yetu itakuwa reli ya zamani. Waliojenga reli hiyo, ambayo ilifika Kisumu mwaka 1901 wakati mji huo ukiitwa Port Florence, walilazimika kutafuta miinuko ya pole kwa sababu garimoshi haliwezi kuukabili mlima ana kwa ana, na magoti yetu, kwa umri tuliofikia, hayana tofauti kubwa na garimoshi. Reli inaondoka Nakuru na kupitia Njoro, Elburgon, Turi, Molo na Mau Summit, kisha inateremka Londiani, Kipkelion, Fort Ternan, Koru na Muhoroni hadi kwenye nchi ya miwa, huku magari mengi ya Kisumu yakishika njia ya Kericho na kutuachia bonde hilo. Sikuambii tuendeshe katikati ya reli, kwa kuwa treni ya abiria ilirejea mwaka 2021, na isitoshe, mataruma yangetutikisa meno yote. Ninachosema ni kwamba watu walijenga makazi yao kuzizunguka stesheni, wakafungua njia za kufikia shamba, kisima na soko, na njia hizo zipo hadi leo, zikitumiwa na punda, ng'ombe, wanafunzi, na mara mojamoja bodaboda yenye mitungi ya maziwa.

Huenda ukadhani barabara isiyo na lami lazima iwe mbovu. Nakuomba uchunguze jambo moja. Yale matuta madogo madogo yanayofuatana na kumtetemesha mtu mpaka mikono ikafa ganzi husababishwa na magari yanayokimbia juu ya murram iliyokauka: gurudumu linaruka kidogo, linatua, linasukuma changarawe, na gari linalofuata linaongeza pale pale. Mahali pasipopita gari kwa kasi, matuta hayo hayapati nafasi ya kujijenga, na barabara hubaki imeshikana vizuri, hasa ule ukanda mwembamba wa pembeni uliosagwa na miguu ya watu. Kwa hiyo njia iliyosahauliwa na magari mara nyingi ndiyo laini kuliko ile pana inayosifiwa.

Siku ya kwanza ndiyo ya kupanda. Kutoka mjini Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi Mau Summit, ambako ni zaidi ya mita 2,500, hakuna mlima mmoja wa kutisha, bali ni mwinuko usiokwisha unaomlazimu mtu kutulia na gia ndogo. Udongo wa upande huu wa Bonde la Ufa ni wa majivu ya volkano, mwepesi kama unga, na wakati wa kiangazi gari moja tu likipita hutasikia ladha ya kitu kingine mpaka jioni. Baada ya Elburgon mambo hubadilika: hewa inakuwa na unyevu, vumbi linatulia, na pande zote mbili unaona viazi, mahindi, kabeji na kondoo, na hapa na pale pareto yenye maua meupe. Tutakula Molo. Usiniulize kama kuna chakula kingine zaidi ya viazi.

Karibu na Mau Summit hatuna ujanja, kwa maana barabara kuu ya kwenda Eldoret lazima ivukwe. Hapo tutashuka, tutazikokota baiskeli, na tutasubiri kwa muda wowote utakaohitajika, hata ukiniona nimekuwa mwoga. Tukishavuka tutakuwa pia tumeuvuka mgongo wa nchi yenyewe. Mto Njoro tuliouacha nyuma hutiririka hadi Ziwa Nakuru na Mto Molo huenda Baringo, lakini vijito utakavyoviona kuanzia Londiani vinatafuta Mto Nyando, na Nyando haina safari nyingine ila kwenu Ziwa Victoria. Kutoka hapo hadi ziwani ni mteremko wa takriban mita 1,400 kwa jumla, ingawa usije ukadhani utakaa tu juu ya kiti, kwa sababu kila kijito kina bonde lake, na kila bonde lina upande wa pili.

Kipande cha Londiani hadi Fort Ternan ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Njia inajikunja kando ya vilima, mawe yanatokeza, na breki zinafanya kazi mpaka unasikia harufu yake. Watu wa huko hawana haraka na mgeni. Ukisimama kuuliza njia utaulizwa kwanza umetoka wapi, wazazi hawajambo, na kwa nini mtu mzima mwenye nauli ameamua kujitesa hivi, na huenda ukakaribishwa mursik, yaani maziwa ya mgando ya Wakalenjin, kabla hujaonyeshwa kona ya kupinda. Hapo Fort Ternan najua utataka tusimame, maana ndipo Louis Leakey na wenzake walipochimbua, mwanzoni mwa miaka ya 1960, mabaki ya Kenyapithecus, kiumbe wa jamii ya sokwe aliyeishi yapata miaka milioni 14 iliyopita. Tutasimama, Mwalimu, ila nakuomba somo lisizidi nusu saa.

Nakiri kwamba kuna kitu kinachonisumbua ninapokusifia njia hizi. Mkulima wa Kipkelion ambaye maziwa yake huchacha kwa sababu gari halikufika siku ya mvua hawezi kuniunga mkono, na mama mjamzito anayebebwa kwa pikipiki usiku hana raha yoyote na changarawe. Lami ikija kwao nitashangilia pamoja nao. Sisi waendesha baiskeli tutahamia njia ya nyuma ya hiyo, kwa kuwa nchi hii haitakosa njia ya nyuma.

Ukifika Muhoroni utakuwa kwenu, na sina la kukufundisha kuhusu joto. Barabara za miwa kuelekea Chemelil na Miwani, palipojengwa kiwanda cha kwanza cha sukari nchini mwaka 1922, ni tambarare, zimenyooka, na mara nyingi huna mwenzako isipokuwa ndege na trekta la mbali. Hatari yake ni mbili. Miwa ikishakua inakuzidi kimo, kila kona inafanana na nyingine, na mtu anaweza kuzunguka shamba moja akidhani anasafiri. Dawa yake ni kuiweka safu ya milima ya Nandi mkono wa kulia muda wote. Ya pili ni ule udongo mweusi wa uwanda wa Kano. Ukiwa mkavu ni mgumu kama sakafu, lakini ukipata mvua hata ya robo saa huvimba, hung'ang'ania tairi, hujaa chini ya madigadi na kwenye foki mpaka gurudumu likatae kuzunguka, na hapo inakuwa zamu ya mwenyewe kuibeba baiskeli. Beba kijiti kigumu cha kukwangulia.

Kwa sababu hiyo napendekeza Februari, kabla mvua ya masika haijaanza mwezi wa Machi, na tuwe tunaondoka alfajiri, kwa kuwa mvua ya nyanda za juu za Londiani hupenda kunyesha alasiri.

Kuhusu baiskeli yako, zile tairi nyembamba za lami ziache nyumbani. Tafuta tairi za upana wa milimita 40, kama fremu inaruhusu, na usizijaze upepo mpaka zikawa ngumu. Kwa uzito wako, presha ya pauni 35 hadi 40 inatosha, hivi kwamba ukibonyeza kwa kidole gumba tairi linakubali kidogo. Tairi la namna hiyo hulimeza jiwe badala ya kulirukia. Tena nunua tyubu zenye valvu nene kama za pikipiki, kama matundu ya rimu yanaziruhusu, maana karibu kila kituo cha bodaboda kina mtu wa pancha mwenye pampu inayozishika, pamoja na karai lake la maji, msasa, gundi na vipande vya tyubu kuukuu alivyovikata mviringo na kuvipanga juu ya gunia. Valvu nyembamba za kisasa humfanya akutazame kwa huruma.

Niandikie kabla ya mwisho wa mwezi huu, unieleze mapumziko ya katikati ya muhula yanaangukia tarehe gani, nipate kupanga mahali pa kulala Molo na Kipkelion. Uje Nakuru kwa treni kama bado inabeba baiskeli, au kwa matatu ukikubaliana na kondakta mapema. Wasalimie mama na watoto.

Ni mimi rafiki yako,
wa Njoro