Mwanangu, weka jembe mbali na eldaberi

Mwanangu mpendwa,

Umeniambia vile vijiti nilivyokukatia vya eldaberi, kile kichaka cha matunda madogo meusi, vimechipua. Nimefurahi mno. Sasa nakuomba, usivipalilie kwa jembe. Mizizi yake hutambaa juujuu, na jembe huikata bila wewe kujua; ndivyo nilivyoviua vichaka vyangu viwili vya kwanza. Ng'oa magugu kwa mkono, kisha tandaza majani makavu, yasigusane na shina. Udongo usikauke, wala maji yasituame.

Nilikukatia aina mbili kwa makusudi. Zikikaa jirani huchavushana na matunda huwa mengi zaidi. Jirani, lakini zisibanane: acha kama mita 2 kati ya kichaka na kichaka, maana kila mwaka vitatoa machipukizi kutoka ardhini na vitakupita kimo.

Mwaka wa kwanza, ukiona maua, yakate. Najua yatakuuma, yale mashada meupe yanapendeza sana. Lakini nguvu iende kwanza mizizini. Baadaye utapogoa mmea ukiwa umepukutisha majani: matawi yaliyopita miaka 3 kata hadi chini, yaliyo machanga yaache, hayo ndiyo yatakayokuzalia.

Linaloninyima usingizi ni wajukuu zangu. Majani, matawi, mizizi na matunda mabichi ya mmea huu yana sumu inayozalisha sayanidi mwilini. Mwaka 1983 huko California, watu 8 walikimbizwa hospitalini kwa helikopta baada ya kunywa maji ya matunda yasiyopikwa, yaliyopondwa pamoja na majani na matawi. Kwa hiyo hata matunda yaliyoiva na kuwa meusi, yapike kwanza. Vikonyo vitoe vyote. Kichane kichala kwa uma juu ya bakuli, matunda yataanguka yenyewe. Na matawi yake yana moyo laini unaotoboka upesi, mtoto akiliona tawi anaona filimbi. Waambie mapema kwamba hilo si la kutia mdomoni. Waambie wewe mwenyewe, tena mbele ya kichaka, wakione.

Matunda yakianza kubadilika rangi, ndege watakuwahi. Funika kichaka kwa wavu. Usinunue, wangu bado ni mzima, nitakuja nao.

Mama yako